Galileo, darubini na Kanisa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Karibu kila aliyepita shule amesikia kisa cha Galileo Galilei: alisema dunia inalizunguka jua, Kanisa Katoliki likamhukumu. Hilo ni kweli. Ila juu yake yamerundikwa mengi ya kubuni, na mengine ya muhimu yamesahaulika, hasa kwamba waliogombana walikuwa waumini pande zote mbili. Watu wa dini wa wakati ule walikuwa na haki ya kuitilia shaka nadharia mpya. Walikosea pale walipotumia mamlaka kulifunga swali ambalo bado lilikuwa linatafutiwa jibu. Huo ndio msimamo wangu, na nimeutaja mapema ili msomaji ajue ninapoegemea.

Galileo alikuwa nani?

Alizaliwa Pisa, Italia, tarehe 15 Februari 1564. Baba yake, Vincenzo, alikuwa mwanamuziki aliyezipima nyuzi za ala kwa mikono yake badala ya kukubali tu yaliyoandikwa na wa kale, na tabia hiyo mtoto aliirithi. Mwaka 1581 alianza kusomea udaktari Pisa, akaacha mwaka 1585 bila shahada kwa sababu moyo wake ulikuwa kwenye hesabu. Alifundisha hesabu Pisa kuanzia 1589, kisha Padua kuanzia 1592 kwa miaka 18. Huko Padua alizaa na Marina Gamba, ambaye hakumwoa, watoto watatu: Virginia, Livia na Vincenzo. Mabinti wote wawili aliwapeleka utawani wakiwa bado wadogo.

Ni yeye aliyevumbua darubini?

Hapana. Mwezi Oktoba 1608 fundi wa miwani Hans Lipperhey aliomba hataza ya chombo hicho Uholanzi. Galileo alipata habari zake mwaka 1609, akajitengenezea cha kwake, akakiboresha haraka: kwanza kikuze mara 3, kisha mara 8, na kufikia mwisho wa mwaka mara 20 hivi. Lensi alizisugua mwenyewe. Wengine nao walikuwa wamekwisha kuielekeza darubini angani, akiwemo Mwingereza Thomas Harriot aliyeuchora mwezi mwaka huohuo. Sifa ya Galileo ni kwamba alitazama usiku baada ya usiku, akaandika, akaelewa anachokiona, na akachapisha upesi.

Aliona nini hasa?

Aliona milima na mabonde mwezini, akakadiria urefu wa milima hiyo kwa kupima vivuli na mwanga. Alikitazama Kilimia, ambacho kwa macho matupu huonyesha nyota sita au saba, akakichora kikiwa na nyota 36. Lakini kilichotikisa watu ni sayari ya Mshtarii (Jupita).

Usiku wa tarehe 7 Januari 1610 aliona vinyota vitatu karibu na sayari hiyo, vimejipanga kwenye mstari mmoja: viwili mashariki, kimoja magharibi. Alidhani ni nyota za kawaida. Kesho yake vyote vitatu vilikuwa magharibi. Tarehe 9 mawingu yakamzuia. Tarehe 10 aliona viwili tu, na vyote vilikuwa mashariki. Tarehe 13 vikawa vinne. Ukiifuata michoro yake, duara moja na vinyota vinavyohamahama pembeni, unamwona mtu akibadilisha mawazo kwa sababu ya kile kilicho mbele ya macho yake. Vile havikuwa nyota, ilikuwa miezi inayomzunguka Mshtarii.

Jambo hilo lilikuwa na uzito. Waliompinga Copernicus, aliyesema kabla ya Galileo kwamba dunia inalizunguka jua, walikuwa wakisema: kama dunia inatembea, ingeuacha mwezi wake nyuma. Sasa hapa kuna Mshtarii, ambaye kila mtu alikubali kwamba anatembea, na hajaacha hata mmoja kati ya minne.

Machi 1610 alichapisha habari hizo Venice katika kijitabu cha Kilatini, *Sidereus Nuncius*. Miezi ile aliipa jina la ukoo wa Medici, watawala wa Toscana, na mwaka huohuo akapata kazi kwao Florence. Baadaye mwaka huo aliona sayari ya Zuhura akipitia umbo la hilali hadi duara kamili kama mwezi. Umbo la duara kamili haliwezekani kabisa katika mpango wa kale wa Ptolemy, unaoiweka dunia katikati. Zuhura lazima awe analizunguka jua.

Kabla yake hakuna aliyesema kwamba dunia inazunguka?

Wapo. Nicolaus Copernicus, kanoni wa kanisa kuu la Frombork, Poland, alichapisha kitabu chake mwaka 1543, mwaka aliofariki, na alikitabaruku kwa Papa Paulo III. Kwa miaka 73 Kanisa halikukipiga marufuku.

Copernicus naye alisimama juu ya mabega ya wengine, wakiwemo wanafalaki Waislamu. Anamtaja al-Battani kwa jina. Hesabu aliyoitumia kuugeuza mwendo wa duara kuwa mwendo wa kwenda na kurudi inafanana na ile ya Nasir al-Din al-Tusi, aliyeongoza kituo cha Maragha kilichoanzishwa mwaka 1259. Mpango wake wa mwendo wa mwezi ni kama ule wa Ibn al-Shatir, mtunza nyakati za swala katika Msikiti wa Umayya, Damascus, katika karne ya 14. Hao hawakusema kwamba dunia inalizunguka jua. Lakini walifanya falaki ya hali ya juu, wengine kama Ibn al-Shatir wakiifanya ndani ya msikiti kwa ajili ya swala na kibla, na wanastahili kutajwa kila kisa hiki kinaposimuliwa. Upande huo pia ulikuwa na misukosuko yake: kituo cha Taqi al-Din kule Istanbul kilibomolewa mwaka 1580 kwa amri ya Sultani, miaka michache tu baada ya kujengwa.

Kanisa lilifundisha kwamba dunia ni bapa?

Hapana. Wasomi wa Ulaya walijua kwamba dunia ni mviringo karne nyingi kabla ya Galileo. Ugomvi ulihusu kama dunia imetulia katikati au inatembea.

Biblia ilihusika vipi?

Mlango wa 10 wa kitabu cha Yoshua unasema Yoshua aliliamuru jua lisimame, likasimama. Zaburi ya 104 inasema dunia imewekwa juu ya misingi yake isitikisike. Kwa wengi hayo yalitosha: huwezi kuliamuru lisimame jua ambalo halitembei.

Galileo alijibu kwa barua mbili ndefu, moja ya Desemba 1613 kwa mwanafunzi wake Benedetto Castelli, padre Mbenedikto, na nyingine ya mwaka 1615 kwa Christina wa Lorraine, mama wa mtawala wa Toscana. Hoja yake ilikuwa kwamba Maandiko na maumbile vyote vinatoka kwa Mungu mmoja, kwa hiyo haviwezi kupingana. Vikionekana kupingana, ni sisi tuliosoma kimoja vibaya. Alinukuu pia kauli aliyoisikia kwa kiongozi mmoja wa Kanisa, kwamba Roho Mtakatifu alikusudia kutufundisha jinsi ya kwenda mbinguni, wala si jinsi mbingu zinavyokwenda. Hoja hiyo haikuwa ngeni: Galileo alijaza barua ya Christina manukuu ya Mtakatifu Augustino, aliyewaonya Wakristo karne ya 5 wasiitumie Biblia kubishana na wajuzi wa nyota mambo wasiyoyajua.

Mbona basi haikupokelewa? Kwa sababu ya wakati. Tangu mageuzi ya Waprotestanti, tafsiri ya Biblia ilikuwa imekuwa uwanja wa vita, na Mtaguso wa Trento ulikuwa umekataza mwaka 1546 mtu kuyafasiri Maandiko kinyume na walivyoafikiana mababa wa Kanisa. Hapa akatokea mwalimu wa hesabu, asiye padre, anawaeleza wanateolojia namna ya kumsoma Yoshua.

Nini kilitokea mwaka 1616?

Desemba 1614 padre Mdominiko, Tommaso Caccini, alimshambulia Galileo na wanahesabu wenzake kutoka mimbarini Florence. Mwezi Februari 1615 Mdominiko mwingine, Niccolò Lorini, aliipeleka nakala ya barua ya Castelli Roma. Februari 1616 washauri wa Inkwizisheni, baraza lililohukumu kesi za imani, walitoa maoni kwamba kusema jua limetulia katikati ni upuuzi kifalsafa na ni uzushi rasmi, yaani ni kwenda kinyume cha imani. Tarehe 26 Februari Kardinali Robert Bellarmine alimwita Galileo na kumwambia aache msimamo huo. Tarehe 5 Machi kitabu cha Copernicus kikasimamishwa mpaka kisahihishwe.

Bellarmine hakuwa mjinga, na tunamwonea tukimchora hivyo. Aprili 1615 alikuwa ameandika kwamba ukipatikana uthibitisho wa kweli wa dunia kulizunguka jua, itabidi kuyaeleza upya Maandiko kwa uangalifu mkubwa, na afadhali kukiri kwamba hatukuyaelewa kuliko kukikanusha kilichothibitishwa. Aliongeza kwamba yeye uthibitisho huo hajaonyeshwa. Kwa wakati ule alikuwa sahihi. Laiti mambo yangebaki palepale, kila mtu akiendelea kutafuta, kusingekuwa na kesi.

Ni kweli Galileo hakuwa na uthibitisho?

Alikuwa na ushahidi mzito dhidi ya Ptolemy, lakini kulikuwa na mpango wa tatu. Tycho Brahe wa Denmark alipendekeza kwamba sayari zinalizunguka jua, halafu jua linaizunguka dunia. Miezi ya Mshtarii na maumbo ya Zuhura yanakubaliana na mpango huo vizuri tu, na mapadre Wajesuiti wengi waliuchagua.

Hoja ambayo Galileo mwenyewe aliiamini kuliko zote ilikuwa mbovu. Alidai kwamba maji ya bahari hupwa na kujaa kwa sababu dunia inajizungusha huku ikilizunguka jua, na kutikisika huko ndiko kunakoyasukuma. Mwanafalaki Johannes Kepler aliposema mwezi ndio unaoyavuta maji, Galileo alishangaa mtu mwenye akili kama ile kukubali jambo la namna hiyo. Mvuvi yeyote wa Pemba, Lamu au Kilwa angeweza kumpinga: maji hujaa mara mbili kwa siku, saa zake husogea pamoja na mwezi, na bamvua huja mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Nadharia ya Galileo ilitaka maji yajae mara moja tu.

Uthibitisho ulikuja baada ya wote kufariki. Mwaka 1729 James Bradley alieleza jinsi mwanga wa nyota unavyoonekana kupinda kidogo kwa sababu dunia inatembea. Mwaka 1838 Friedrich Bessel alipima jinsi nyota moja inavyoonekana kuhama kidogo dunia inapobadilisha upande wa jua.

Kama dunia inazunguka, mbona hatuhisi?

Swali hili waliliuliza hata wapinzani wa Galileo, na ni zuri. Aliyepo kwenye ikweta, Nanyuki kwa mfano, anazungushwa na dunia kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa. Galileo alijibu hivi: jifungie ndani ya chumba cha chini cha merikebu ukiwa na vipepeo, samaki kwenye bakuli, na chupa inayodondosha maji tone kwa tone kwenye chombo kilicho chini yake. Merikebu ikiwa imetia nanga, angalia yote. Kisha iende kwa kasi yoyote, ilimradi mwendo uwe laini bila kuyumba. Matone yataingia chomboni vilevile, vipepeo wataruka kila upande vilevile, na kwa kuviangalia hivyo huwezi kujua kama unasafiri. Vyote vimo ndani ya mwendo uleule. Hilo ni miongoni mwa mawazo makubwa kabisa ya fizikia, na naona linastahili sifa kuliko hadithi ya kuangusha mawe kutoka mnara wa Pisa, ambayo tunaijua kwa simulizi la mwanafunzi wake Viviani tu.

Inakuwaje Papa aliyekuwa rafiki yake akamgeuka?

Kardinali Maffeo Barberini aliwahi kumwandikia Galileo shairi la sifa. Mwaka 1623 akawa Papa Urbano VIII, na mwaka 1624 alimpokea Galileo mara sita. Galileo akaelewa kwamba anaweza kuandika juu ya Copernicus ilimradi aichukulie kama nadharia ya kujadiliwa.

Kitabu chake, *Dialogo*, kilitoka Florence Februari 1632, na kilikuwa na kibali cha wakaguzi wa Kanisa. Watu wengi hawalijui hilo. Ni mazungumzo ya watu watatu. Salviati anamtetea Copernicus, Sagredo ni msikilizaji mwerevu, na Simplicio anamtetea Aristotle, mwanafalsafa wa kale, na kushindwa karibu kila ukurasa. Papa alikuwa ametaka hoja yake iwemo: Mungu ni mwenyezi, anaweza kuyatenda mambo kwa njia tusizozijua, kwa hiyo mwanadamu asidai kwamba ameipata njia pekee. Galileo aliiweka mwishoni, kinywani mwa Simplicio.

Urbano aliona amedhihakiwa. Naye alikuwa na shida zake: vita vya kidini vilikuwa vikiichoma Ulaya, na Machi 1632 Kardinali Borgia wa Hispania alimlaumu waziwazi kwamba analegea mbele ya wazushi. Papa aliyetuhumiwa hivyo hakuwa tayari kuonekana mpole kwa kitabu kama hicho.

Kesi yenyewe ilikuwaje?

Galileo alifika Roma Februari 1633, akiwa mgonjwa na wa miaka 69. Alihojiwa mara ya kwanza tarehe 12 Aprili. Hawakumuuliza sana kuhusu jua na sayari. Swali kuu lilikuwa: mwaka 1616 uliambiwa nini?

Alitoa cheti alichoandikiwa na Bellarmine mwenyewe Mei 1616, kinachosema kwamba Galileo hakuadhibiwa wala hakulazimishwa kukana chochote, alijulishwa tu kwamba fundisho la Copernicus haliruhusiwi kushikiliwa wala kutetewa. Ndipo wahojaji wakatoa karatasi nyingine kutoka kwenye faili lao. Hiyo ilisema aliamriwa asilishikilie, asilifundishe wala asilitetee kwa namna yoyote ile. Tofauti ni kubwa: kwa karatasi hiyo, hata kulijadili kama nadharia ni kuvunja amri. Nayo haikuwa na saini ya Galileo, wala ya Bellarmine, wala ya shahidi. Bellarmine alikuwa amefariki mwaka 1621, na hakukuwa na wa kumuuliza.

Mwishoni mwa Aprili kamishna wa baraza, Vincenzo Maculano, alizungumza na Galileo faraghani, na Galileo akakubali kwamba kitabu chake kilivuka mpaka. Alitarajia adhabu nyepesi. Haikuwa. Tarehe 22 Juni 1633, katika konventi ya Santa Maria sopra Minerva, alipigishwa magoti na kusoma kwa sauti kwamba anakana, analaani na kuchukia makosa yake. Alihukumiwa kama mtu anayeshukiwa vikali kuwa na uzushi, akapewa kifungo, na kitabu chake kikapigwa marufuku. Kati ya makardinali kumi, watatu hawakutia saini hukumu hiyo, akiwemo Francesco Barberini, mpwa wa Papa.

Aliteswa au kuchomwa moto?

Hapana. Alitishiwa kwa mateso katika mahojiano ya tarehe 21 Juni, lakini hakuteswa, na kifungo kikageuzwa kuwa cha nyumbani. Aliyechomwa moto Roma mwaka 1600 ni Giordano Bruno, na mashtaka yake yalihusu zaidi mafundisho ya imani.

Alinong'ona kweli "Hata hivyo inazunguka"?

Maneno hayo yalichapishwa kitabuni mwaka 1757, zaidi ya karne moja baada ya kifo chake. Mzee aliyepiga magoti mbele ya baraza lile asingeyatamka pale.

Je, alipoteza imani?

Hapana, alibaki Mkatoliki mpaka mwisho. Anayetuonyesha maisha yake ya ndani ni binti yake mkubwa, Virginia, ambaye utawani aliitwa Suor Maria Celeste, katika monasteri ya Waklara ya San Matteo, Arcetri. Barua zake 124 kwa baba yake zipo mpaka leo. Ndani yake kuna kola za nguo anazomshonea, malimau ya kutia sukari, mvinyo, dawa, maumivu ya meno. Sehemu ya adhabu ya Galileo ilikuwa kusali Zaburi saba za toba kila wiki kwa miaka mitatu, na Maria Celeste aliomba abebe mzigo huo kwa niaba yake. Alifariki tarehe 2 Aprili 1634 akiwa na miaka 33, miezi michache baada ya baba kurudi. Mtu anayetaka kulieleza tukio hili kama vita vya wacha Mungu na wasiomcha hana mahali pa kumweka mtawa huyo.

Katika kifungo hicho Galileo aliandika kitabu chake bora kuliko vyote, juu ya mwendo na uimara wa vitu. Kilichapishwa Leiden mwaka 1638, mbali na mkono wa Roma. Wakati huo alikuwa amepofuka. Alifariki tarehe 8 Januari 1642.

Kanisa lilibadilisha msimamo lini?

Polepole mno. Mwaka 1758 marufuku ya jumla ya vitabu vinavyosema dunia inatembea iliondolewa, mwaka 1822 ruhusa ya kuvichapisha ilitolewa wazi, na orodha ya vitabu vilivyokatazwa ya mwaka 1835 ndiyo ya kwanza isiyomtaja Copernicus wala Galileo. Mwaka 1992 Papa Yohane Paulo II alikiri kwamba wanateolojia wa wakati ule walikosea.

Mimi ni muumini na napenda sayansi. Lazima nichague?

Copernicus hakuchagua, Kepler hakuchagua, Galileo hakuchagua. Georges Lemaître, aliyependekeza kwamba ulimwengu ulianza katika hali ndogo iliyosongamana na unaendelea kutanuka, alikuwa padre wa Ubelgiji. Vatikani ina kituo chake cha kuchunguza nyota, kinachoendeshwa na Wajesuiti. Mwanafunzi akiambiwa darasani kwamba lazima aache kimoja, aulize ni nani kati ya hao aliyefanya hivyo.

Naweza kuona alichokiona Galileo?

Ndiyo, na hapa karibu na ikweta mara nyingi Mshtarii hupita juu sana angani, mbali na vumbi na moshi wa upeo wa macho. Anang'aa kuliko nyota zote na hametameti. Darubini ya macho mawili inayokuza mara 10 inatosha, lakini iegemeze ukutani au juu ya gunia la mchanga, kwa sababu mkono ukitetemeka hutaona kitu. Tafuta nukta ndogo zilizojipanga mstari mmoja pembeni ya sayari. Zichore, andika tarehe na saa, kisha rudia kesho saa ileile.